Kiatu cha Njano kwenye Mawe ya Silverdale

Tulishuka kwenye treni Silverdale, kaskazini mwa Uingereza, asubuhi ya Jumamosi, mwishoni mwa Mei, mimi na binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Mvua ilikuwa imekatika usiku, na upepo wa Ghuba ya Morecambe ulileta harufu ya matope ya maji kupwa. Mwaka uliotangulia nilichelewa wiki mbili tu, nikakuta maua ya okidi niliyoifuata, ile yenye umbo la kiatu, yamesinyaa. Safari hii sikutaka kubahatisha.

Kutoka stesheni hadi Gait Barrows ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na ndani yake mna eneo pana la sakafu ya mwamba wa chokaa. Barafu ya zama za kale iliukwangua, kisha mvua ikaulamba kwa maelfu ya miaka mpaka ukafanya nyufa ndefu zinazomeza mguu wa mtu. Ndani ya nyufa mmeota kangaga za kijani kibichi. Kabla ya hifadhi, mawe haya yalibanduliwa na kuuzwa ili yapambe bustani za majumbani. Sikuelewa kwa nini jambo hilo liliniuma hivyo, mpaka tulipolifikia ua lenyewe.

Lilikuwa kwenye uwazi kati ya miti, shina la kama urefu wa rula, majani yenye mikunjo kama ya kitenge kilichopigwa pasi vibaya. Petali zake nyembamba, rangi ya zambarau iliyoiva hadi kukaribia kahawia, zimejisokota kama nywele zilizosukwa. Katikati, kifuko cha njano kilichotuna, mfano wa ndara ya mtoto.

"Mama, nyuki anaingia humo kufanya nini?" binti yangu aliuliza, akiwa amepiga magoti.

Nilimweleza. Nyuki wadogo wa porini, wasiokaa mizingani, huvutwa na harufu na rangi, wakateleza ndani. Hakuna asali humo, hata tone. Kuta ni laini, hawezi kupanda alikoingilia. Nyuma ya kifuko kuna sehemu zinazopenyeza mwanga. Nyuki hufuata mwanga huo, akajibana kwenye tundu jembamba, na wakati wa kutoka hubandikwa chavua mgongoni. Akidanganyika tena kwenye ua jingine, mbegu zinatungwa. Mbegu zenyewe ni vumbi, hazina akiba ya chakula. Bila kuvu wa udongoni hazichipui, na mche huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza.

Ndiyo maana likichimbwa halirudi. Okidi hii, Cypripedium calceolus, ilikuwa ikiota kwenye misitu ya chokaa ya kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1629 John Parkinson, bingwa wa mimea wa London, alimshukuru kwa maandishi bibi mmoja wa upande huu wa Lancashire, Thomasin Tunstall, kwa kumtumia mizizi yake. Bibi huyo alilipenda ua, sina shaka. Waliomfuata walilipenda vilevile, wakalichimba, wakaliuza masokoni, mpaka 1917 likatangazwa kuwa limetoweka nchini. Mwaka 1930 likaonekana shina moja huko Yorkshire, na mahali pake pakafichwa na kulindwa. Baadaye wataalamu wa bustani za mimea za Kew, London, walijifunza kuotesha mbegu maabara, na miche yao ndiyo iliyorudishwa porini, hapa Gait Barrows ikiwemo.

Kwingine mambo yamekwenda kasi zaidi. Paphiopedilum vietnamense, ndugu yake wa milima ya chokaa ya Vietnam, ilitangazwa 1999, na ndani ya miaka michache wachimbaji walikuwa wameikomba karibu yote.

Mimi ni mtu wa Makete, kusini mwa Tanzania. Nimekua chini ya uwanda wa Kitulo, ambao watu wetu huuita Bustani ya Mungu. Okidi zetu hazina hata moja ya jamii hii ya kiatu. Jamii hiyo iko Ulaya, Asia na Amerika, Afrika kusini ya Sahara haimo kabisa. Lakini zetu zina viazi chini, na viazi hivyo ni chikanda: husagwa, huchanganywa na karanga na pilipili, hupikwa hadi vishikane kama mkate. Nimeona magunia yakipandishwa magari ya Tunduma, kwenda Zambia. Nilipokuwa mdogo, nami nilichimba.

Tukiwa stesheni nilimtumia mama picha. Akapiga simu saa hiyohiyo.

"Hilo mizizi yake inaliwa?"

"Hailiwi, mama. Walikuwa wakilichimba wakalipande nyumbani."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema lile la njano la mteremko wa juu ya shamba letu halijaonekana misimu kadhaa, ila kule ndani ya hifadhi bado yapo.

"Mlete mjukuu wangu mwezi wa pili," alisema. "Wakati wa mvua. Atayakuta yamefunguka."

Binti yangu alikuwa ameshafungua kalenda ya simu yangu, akihesabu wiki.