Koti la Luteni

Novemba 2004 nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, mjini Hove, kusini mwa Uingereza. Mmoja wao alikuwa na miaka 84, pumzi kidogo na ubishi mwingi. Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani ilikuwa imekaribia, na binti yake alishamnunulia suti mpya. Mzee hakutaka hata kuiona. Alinituma kabatini nimtolee koti lake la vita.

Nililitandaza kitandani. Lilikuwa la sufu nzito, buluu inayokaribia weusi, na safu mbili za vifungo vya rangi ya dhahabu. Kila kifungo kina nanga iliyozongwa kamba, na taji juu yake. Nondo walikuwa wameanza kula kwapani. Kwenye mikono kulikuwa na mistari miwili ya utepe wa dhahabu, ya luteni, imepindapinda kama mawimbi, wa juu una kitanzi. Ajabu ni kwamba mistari haikuzunguka mkono wote; iliishia upande wa nje. Nikamuuliza. Akasema utepe ule ulikuwa adimu wakati wa vita, basi serikali ikabana matumizi hata mikononi mwa maofisa.

Maofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza waliosomea kazi hiyo tangu ujana walivaa mistari iliyonyooka. Yeye alikuwa karani wa benki. Aliingia katika jeshi la akiba la wanamaji wa kujitolea, na hao ndio waliopewa mawimbi, jambo walilotaniwa nalo vita vyote. Mafunzo ya uofisa aliyapata papo hapo Hove, katika jengo jipya la michezo na kuogelea ambalo wanamaji walilichukua 1939 wakaliita HMS King Alfred, kana kwamba ni manowari. Maofisa zaidi ya 22,000 walipitia pale, na baadhi walilala chini, mahali pa kuegesha magari. Mimi nilikuwa nalipita jengo hilo kila nikienda kazini, na nilichojua ni bei ya kuogelea tu.

Kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia. Nikachukua sindano. Mamangu alishona kofia za viua, na mkono wangu haukuwa mbaya. Mzee akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Mombasa.

"Kilindini!" akasema, akajiinua kitini.

Hapo hakukuwa tena na kumnyamazisha. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo, katika Sri Lanka ya leo, kwa ndege, na Waingereza wakarudisha sehemu kubwa ya meli zao za vita za Bahari ya Hindi huku kwetu. Yeye alikuwa kwenye kimeli cha kusindikiza misafara. Mei mwaka huo walikwenda Madagaska, kuiteka bandari ya Diego Suarez. Huko aliiona Auricula, meli ya aina moja na yake, ikigonga bomu la baharini. Kisha Kilindini: minazi, jua, na gati zilizojaa manowari. Alinitajia hata Allidina Visram, shule aliyosoma kakangu. Wakati ule ndani yake walikaa watu wa kuvunja siri za mawasiliano ya Wajapani, na hakuna ofisa wa kawaida aliyethubutu kuuliza wanafanya nini mle.

Uzi ulikuwa umekwisha, nikatunga mwingine. Sauti yake ikabadilika.

Mapema Februari 1944 malaria ilikuwa imemshusha nchi kavu, akapewa kazi ya makaratasi bandarini. Akawaona askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wakipanda meli ya Khedive Ismail kwenda Colombo, karibu watu elfu moja wa kikosi kimoja, pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Kati ya zaidi ya watu 1,500 waliokuwemo, walikufa 1,297. Nyambizi ilikuwa bado iko chini, na manowari za kusindikiza zilirusha mabomu yao pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari mbili kati ya hizo, Petard na Paladin, ziliizamisha mwishowe. Mzee alisema kosa halikuwa la nahodha yeyote, kisha akarudia kusema hivyo, ingawa sikuwa nimemlaumu mtu.

Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekulia Mombasa, na jina la meli hiyo nililisikia mara ya kwanza Hove, kutoka kwa Mzungu. Hilo lilinikera kuliko nilivyoonyesha. Koti la luteni mmoja lilihifadhiwa miaka sitini kabatini, na la mpiga mzinga wa Kiafrika sijawahi kuliona kwa mtu.

Usiku nilimpigia babangu. Baada ya shikamoo nikamuuliza kama babu, aliyekuwa kuli Kilindini miaka ile, aliwahi kuitaja Khedive Ismail.

"Babu yako alibeba magunia, mwanangu. Meli za askari hawakuachiwa kuzikaribia." Akanyamaza kidogo. "Lakini alikuwa akisema kuna watu walipakiwa, na jamaa zao wakaja kuulizia pale getini mwaka mzima. Wakifukuzwa." Halafu akaniuliza kama nimeshatuma pesa za mabati.