Viazi vya ofa vilivyonitia adabu
Jamani nilinunua ndoo nzima ya viazi vya Njombe, bei ilikuwa nzuri nikajiona mjanja, nikavimwaga jikoni chini ya dirisha halafu nikavisahau kabisa. Wiki kadhaa baadae nataka kukaanga chipsi, nakuta vingi vimekuwa kijani na vingine vimeota machipukizi kama vinataka kurudi shamba vyenyewe 😂 Mama kwenye simu akaniambia we mtoto, vya kijani usile vina sumu. Na kweli, inaitwa solanini, vikikaa kwenye mwanga inaongezeka na ukichemsha haitoki. Nikatupa karibu nusu, roho iliniuma sana.

Siku hizi naweka kwenye tenga chini ya meza, gizani ila pana hewa, sivioshi mpaka siku ya kupika na vitunguu navitenga mbali. Kwenye friji sipeleki, maana wanga unageuka sukari, ukikaanga chipsi zinakuwa nyeusi nje kabla ndani hazijaiva. Vikianza kulegea kidogo tu, navipika na tui la nazi, pilipili mbuzi nzima juu, isipasuke tu.