Barua ya kuomba msaada wa mgonjwa, na kwa nini nyingi hukataliwa

Barua nyingi za kumwombea msaada mgonjwa mahututi au majeruhi zina sentensi hii: "Tunaomba msaada wowote mtakaoweza kutupatia." Aliyeiandika ni mnyenyekevu, tena anaamini kwamba asipotaja kitu hatajifungia mlango. Sasa tumtazame anayeipokea. Fedha za shirika la misaada zimeshagawanywa kwa mafungu kabla mwaka haujaanza: fungu la nauli, la malazi, la vifaa, la uuguzi wa nyumbani. "Msaada wowote" hauna fungu. Barua inawekwa kando, mwombaji anaandikiwa aeleze anataka nini hasa, na siku zinakwenda.

Kwa hiyo ombeni kitu kinachotajika, kiombeni mapema, na kiombeni kwa shirika ambalo kazi yake ni kutoa kitu hicho.

Hilo la mwisho ndilo linalowapotezea watu muda zaidi. Wengi hudhani mashirika haya yapo kulipa bili za hospitali. Yapo yanayofanya hivyo: kwa hospitali ya watoto ya St. Jude huko Memphis, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1962, familia haipelekewi bili ya matibabu, usafiri, malazi wala chakula. Lakini ile ni hospitali yenyewe, ina mfuko mkubwa wa michango nyuma yake, na huchagua watoto kulingana na maradhi inayoyatibu na kuyafanyia utafiti, saratani ikiwa mbele. Shirika la kawaida halina ubavu huo. Upasuaji mmoja mkubwa ungemaliza fungu lake la mwaka, ndiyo maana hushika yale yanayouzunguka ugonjwa. Mtoto ana kitanda wodini, mama yake hana. Nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald House ilifunguliwa Philadelphia mwaka 1974 kwa sababu hiyo hasa, ili wazazi walale karibu na hospitali. Macmillan ya Uingereza, iliyoanzishwa na Douglas Macmillan mwaka 1911 baada ya baba yake kufa kwa saratani, inajulikana kwa wauguzi wake na kwa kuwashauri wagonjwa juu ya fedha. Make-A-Wish, iliyoanza Marekani mwaka 1980, humtimizia mtoto mgonjwa jambo analolitamani, na wazazi wengi hukataa jina la mtoto lipelekwe huko wakiamini ni kwa wanaokaribia kufa. Sharti lake ni ugonjwa unaohatarisha maisha. Watoto wengi wanaopita hapo hupona na kukua.

Woga huohuo huwakimbiza watu kutoka kwenye hospisi, yaani nyumba za kuwatunza wenye maradhi mazito, na huduma shufaa, yaani ile ya kutuliza maumivu na dhiki za ugonjwa. Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alikuwa amefanya kazi ya uuguzi na ya ustawi wa jamii kabla ya kuwa daktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya imani kwa pamoja, hivyo kumtuliza kunahitaji zaidi ya sindano. Huduma hii inaweza kuanza mgonjwa akiwa bado anatibiwa ili apone. Anayeipata mapema hutulizwa maumivu na kichefuchefu, na jamaa zake hupata mtu wa kumpigia simu usiku. Anayesubiri wiki ya mwisho huambulia kidogo sana.

Mlango wa yote haya ni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mifuko mingi haipokei barua kutoka kwa familia moja kwa moja. Inataka mtaalamu anayemjua mgonjwa aandike, ili isilazimike kuanza kuthibitisha ugonjwa upya. Isitoshe, ofisa huyo anajua mifuko midogo isiyojitangaza popote. Mwulizeni siku za kwanza za kulazwa. Siku ya kuruhusiwa ana foleni, faili limeshafungwa, na kitanda cha nyumbani kilichohitajika jana kitachukua wiki kadhaa kupatikana.

Makaratasi sasa. Ripoti ya daktari iwe ya karibuni, na miezi 3 ndiyo mpaka unaotumika mara nyingi. Iwe kwenye karatasi yenye nembo, sahihi na mhuri. Itaje ugonjwa kwa jina, matibabu yaliyopangwa na muda wake, kisha iwe na sentensi inayounganisha ugonjwa na kinachoombwa. Hiyo ndiyo huwa inakosekana. Daktari akiandika "mgonjwa anahitaji msaada", kamati haina la kushika. Akiandika "hawezi kuhisi kuanzia kiunoni kwenda chini, na bila mto maalumu wa kukalia atapata vidonda", kazi imekwisha. Daktari hakasiriki akiombwa kuongeza mstari huo, mradi aombwe kwa heshima na apewe maneno ya fomu aone kinachoulizwa.

Ongezeni kitambulisho, uthibitisho wa kipato, na profoma (hati ya bei inayotolewa kabla ya kununua) kutoka kwa muuzaji, au mbili ikiwa kitu ni cha bei kubwa. Jina liwe moja kila mahali, kwani mgonjwa aliyesajiliwa hospitalini kwa jina la ukoo na kwenye kitambulisho kwa jina la baba huonekana kama watu wawili. Profoma iwe na jina la mgonjwa na tarehe ambayo haijapita. Jueni pia kwamba mashirika mengi hulipa muuzaji au hospitali moja kwa moja, bila pesa kupita mkononi mwa familia. Wapo wanaoona wametukanwa. Ukweli ni kwamba mkaguzi wa hesabu anataka risiti ya dawa, na pesa taslimu ndani ya nyumba yenye mgonjwa huvutwa na kila deni lililosimama mlangoni.

Kosa linalouma kuliko yote ni kununua kwanza na kuomba baadaye. Karibu kila mfuko una sharti la kutolipa gharama iliyokwisha kutumika. Familia hukopa, hununua, kisha huja na risiti, na jibu huwa hapana hata kama kila mtu mezani anawaonea huruma. Ikiwa jambo haliwezi kungoja, ulizeni kama kuna mfuko wa dharura. Huwa mdogo, lakini majibu yake hutoka kwa siku chache badala ya wiki.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Mfano wa sehemu yake ya katikati:

"Tunaomba malazi ya watu wawili, mgonjwa na dada yake, kwa wiki 6. Mgonjwa atapigwa mionzi mara 30, siku 5 kila wiki. Kutoka nyumbani hadi hospitali ni mwendo wa saa 4, na daktari ameandika kwamba hawezi kusafiri kila siku. Chakula na nauli ya kwenda na kurudi tumeshachanga wenyewe. Malazi ndiyo yametushinda."

Kitu kimetajwa, kiasi chake kipo, sababu ina karatasi nyuma yake, na familia imeonyesha sehemu iliyobeba. Mstari huo wa mwisho una nguvu kuliko aya tatu za machozi, kwa sababu kamati inajua pesa yake inakamilisha jambo ambalo bila hivyo lingekwama.

Vifaa vinahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo hata msaada uliotolewa kwa moyo mweupe hudhuru. Chukua kiti cha magurudumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2008 likieleza hatua 8 za kumpatia mtu kiti, kuanzia rufaa na tathmini hadi mafunzo na ufuatiliaji. Michango mingi ya viti huruka karibu zote na kubakiza kukabidhi na kupiga picha.

Vipimo vitatu vinatosha kuanzia, na mtu yeyote anaweza kuvichukua. Mkalishe mgonjwa wima juu ya kitu kigumu na bapa, miguu ikiwa imekanyaga chini. Simamisha vitabu viwili vikigusa nyonga pande zote mbili, kisha pima nafasi iliyo kati yake: huo ndio upana wa kiti. Pima kutoka nyuma kabisa ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6, upate kina cha kiti. Halafu pima kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino, akiwa na viatu anavyovaa kila siku, upate umbali kati ya mto na kikanyagio. Kiti kikiwa kipana, mtu huinama upande mmoja na mikono haiyafikii magurudumu vizuri. Kina kikizidi, huteleza mbele na kukalia kifandugu, yaani ncha ya chini ya uti wa mgongo, na hapo ndipo kidonda kinapoanzia. Kikanyagio kikiwa juu mno, mapaja hunyanyuka na uzito wote huangukia mifupa ya makalio.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo na kupoteza hisia, mto wa kupunguza mgandamizo ni sehemu ya kiti, kwa hiyo uingie kwenye ombi lilelile. Afundishwe kuinama mbele au kuegemea upande kila nusu saa au mapema zaidi, na akiwa kitandani ageuzwe kama kila saa 2. Angalieni ngozi asubuhi na jioni: juu ya kifandugu, mifupa ya makalio, pembeni mwa nyonga, visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo tumieni kiganja. Sehemu yenye joto au ugumu kuliko jirani yake ni dalili ya kutosha kuacha kuikalia. Kidonda kimoja kilichochimbika huweza kumrudisha mtu hospitalini kwa miezi.

Mashine ya oksijeni ina mtego wake. Inataka umeme saa zote inapotumika, basi ombi liambatane na mtungi wa akiba na mpango wa kuujaza. Miguu bandia nayo si kitu cha mara moja: kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hupungua katika miezi ya kwanza na soketi inayokishika hulegea, na mtoto hukua akakiacha kiungo nyuma. Ulizeni mapema nani atalipia marekebisho.

Anayemuuguza mgonjwa husahaulika, kwanza na yeye mwenyewe. Yapo mashirika yanayoleta mtu wa kukaa na mgonjwa saa chache au usiku mmoja, na watu huona aibu kuomba hilo kana kwamba wanamkimbia ndugu yao. Liombeni. Anayeuguza akiumwa mgongo, mipango yote huvunjika. Aombewe pia mafunzo ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, maana migongo mingi huumizwa hapo. Ili mbadala aweze kuingia, andikeni karatasi moja: dawa na saa zake, namna mgonjwa anavyokunywa bila kupaliwa, upande anaostahimili kulalia, na namba ya kupiga mambo yakiharibika.

Kwa jeraha la ubongo wakati ndio mgumu. Michango na wageni humiminika wiki za mwanzo, mgonjwa akiwa bado mikononi mwa hospitali. Uhitaji mzito huja miezi kadhaa baadaye, akiwa nyumbani, anatembea, anaonekana mzima, lakini anasahau, anakasirika bila sababu na hawezi kurudi kazini. Mashirika ya jeraha la kichwa, kama Headway ya Uingereza iliyoanza mwaka 1979, hufanya kazi kubwa katika kipindi hicho kwa vikundi vya walioumia na jamaa zao. Ikiwa mmechangiwa pesa mwanzoni, tengeni sehemu kwa ajili ya miezi hiyo.

Mkichangisha mtandaoni, semeni tangu mwanzo akaunti ni ya nani na pesa itakayobaki itakwenda wapi, hata kama mgonjwa atafariki. Ni sentensi ngumu kuiandika, ila ugomvi wa ndugu baada ya mazishi ni mgumu zaidi. Picha iwe ile ambayo mgonjwa mwenyewe amekubali. Mtoto aliyepigwa picha akiwa uchi kitandani ataikuta akiwa na miaka 15. Na yeyote anayetaka ada ili "kufungua faili" la msaada ni tapeli. Ombeni namba ya usajili wa shirika, kisha ithibitisheni kwa msajili.

Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni karatasi iliyokosekana au fungu lililoisha, na robo ya mwaka inayofuata mlango uko wazi tena. Mkikubaliwa, pelekeni risiti ndani ya muda uliowekwa, kwani ombi la pili la mgonjwa huyohuyo hupimwa kwa namna la kwanza lilivyofungwa.

Vitanda, mashine za oksijeni na viti mara nyingi hutolewa kwa mkopo. Someni fomu kabla ya kusaini, na mgonjwa akipona au akifariki pigeni simu vichukuliwe, kuna mwingine anasubiri. Kifuteni kifaa, fungeni pamoja nyaya na vipuri vyake, na bandikeni karatasi ya kasoro yoyote mliyoiona: breki inayolegea, tairi linalopoteza upepo. Dawa zilizobaki hazirudi kwa shirika wala hazigawiwi jirani. Zipelekwe kwenye famasi au hospitali, za maumivu makali zikihesabiwa mbele ya anayezipokea.