Kalamu mkononi mwa binti

Assalaamu alaykum ndugu zangu katika imani.

Nyanya yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akikhitimu msahafu kila Ramadhani, lakini kuandika jina lake hakujua. Alikuwa akiniita mimi. Katika chuo cha Kurani alichosoma, hapa Mji wa Kale, Mombasa, wasichana walifundishwa kusoma wakakomea hapo. Wakubwa walichelea kwamba binti akijua kuandika atawaandikia wanaume barua.

Nimemkumbuka wiki hii kwa sababu ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa hapa Mvita, yaani Mombasa, mwaka 1891, akafiwa na baba angali mdogo, akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianza kutoa chapisho la Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, yaani kutengeneza kilichoharibika. Waliopata makemeo yake zaidi ni watu wake mwenyewe, Waislamu wa pwani: walioipa elimu kisogo, waliomaliza mali kwa harusi na matanga. Na katika mambo aliyoyashikilia ni kwamba mtoto wa kike asomeshwe. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, tangu 1937 hadi alipofariki 1947.

Kalamu yake ilikuwa kali, na si haki kulificha hilo. Wamishenari aliwapinga waziwazi. Lakini yeye huyo huyo aliwahimiza Waislamu wajifunze kwa Wazungu elimu yenye manufaa, bila kuiacha dini yao. Hapo ndipo ninapojifunza kuvumiliana: nisimame imara katika itikadi yangu, na jema lililo kwa jirani yangu nilikiri kuwa ni jema. Sisi tunaoishi mji mmoja na makanisa na mahekalu tunalihitaji sana somo hilo.

Nirudi kwenye kalamu. Katika kitabu cha hadithi cha Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kwa mkewe, Bi Hafsa, akamkuta na Shifaa bint Abdillahi, akamwambia Shifaa amfundishe Hafsa ruqya ya namla, yaani kisomo cha kutibu vipele vya ngozi, kama alivyomfundisha kuandika. Mwanamke amemfundisha mwanamke kuandika, naye Mtume anaitaja kazi hiyo kwa wema. Basi ile hofu ya barua tuliitoa wapi? Haikutoka kwenye dini. Ni ada yetu, tukaivisha kanzu ya dini, na kina nyanya wakailipia umri mzima.

Miaka ya mwisho ya nyanya yangu, binti yangu alikuwa akikaa naye barazani baada ya Alasiri, na penseli na daftari la shule. Ilichukua miezi. Neno la kwanza nyanya aliloandika peke yake ni Bismillahi, herufi zikipanda na kushuka, na daftari hilo bado ninalo.

Tafadhali, tuwasomee Fatiha, yeye na Sheikh.