Viazi viwili vilivyonisaidia kufundisha osmosisi

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha pili hapa Kigoma jinsi vitu vinavyopita katika utando wa seli, na kila mwaka walikariri kwa Kiingereza bila kosa fasili ya osmosisi, yaani kuhama kwa maji kupitia utando kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Lakini nilipowauliza kwa Kiswahili ni nini hasa kinachohama, wengi walijibu kuwa ni chumvi. Hata waliojua kuwa ni maji walishikilia kwamba chumvi ndiyo inayoyavuta, wala utando hawakuutaja, ilhali bila huo hakuna osmosisi.

Maabara yetu haina vifaa vingi, kwa hiyo nilinunua viazi mviringo sokoni pamoja na chumvi ya Uvinza. Nilimenya viwili, kimoja nikakichemsha mpaka kikaiva, nikavichimba mashimo, nikavisimamisha katika sahani zenye maji na kutia kijiko cha chumvi katika kila shimo. Kabla vipindi viwili vya dakika 40 havijaisha, chumvi ya kiazi kibichi ilikuwa imelowa chepechepe, na ilipofika saa nane mchana shimo lilikuwa limejaa maji. Katika kiazi kilichoiva chumvi ilipata unyevu tu.

Nilinyamaza ili waeleze wenyewe. Msichana mmoja, ambaye mama yake hukausha migebuka kule Kibirizi, alisema, "Mwalimu, chumvi ni ileile, basi kilichoharibika ni kiazi." Nilimthibitishia: moto umeharibu tando za seli, na utando ukishaharibika chumvi nayo hupenya, kama inavyopenya katika nyama ya samaki wa mama yake, hivyo haibaki tofauti ya kiasi cha chumvi kati ya pande mbili ya kuyahamisha maji kuelekea upande mmoja.

Swali zito zaidi lilitoka nyuma ya darasa: ikiwa utando umeundwa kwa mafuta, na mawese hayachanganyiki na maji, maji hupitaje? Nilieleza kwamba machache hupenya kati ya molekyuli za mafuta, lakini mengi hupita katika vijia vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo ugunduzi wake ulimpa Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Vijia hivyo hupitisha molekyuli za maji moja moja na kuzuia ayoni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme.

Mwaka huu nilianza mada kwa viazi hivyo, na fasili ya Kiingereza nikaiandika ubaoni siku iliyofuata.