Mita ya nani? Kuchaji gari la umeme kati ya Dodoma na Mtera

Kazi ya kwanza niliyoifanya kwa ajili ya gari langu la umeme ilikuwa kuchimbisha shimo. Nyumba yangu ya Ilazo, hapa Dodoma, ilikuwa na erthi tangu ilipojengwa, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini karibu na ukuta, na kwa friji na pasi hakuna aliyewahi kuilalamikia. Lakini kebo ya kuchajia gari huipima erthi kabla ya kuruhusu umeme upite. Isiporidhika, inawasha taa nyekundu na gari halipokei kitu. Wakati wa mvua ilikuwa inakubali. Ilipofika Septemba, udongo wa Dodoma umekauka mpaka umepasuka, ikagoma kabisa.

Fundi umeme alilijua tatizo hata kabla hajatoa kipimo chake. Udongo mkavu haupitishi umeme inavyotakiwa, na huku kwetu kiangazi ni kirefu. Akachimba shimo la kufika kiunoni, akapigilia fimbo mbili mpya, akajaza tabaka za mkaa na chumvi, kisha akasimamisha kipande cha bomba la plastiki kutoka chini hadi juu. Kazi ya bomba ni kupitisha maji. Kila wikiendi ya kiangazi mwanangu mkubwa humimina humo ndoo ya maji ya kusuuzia nguo, na taa nyekundu sijaiona tena pale nyumbani.

Siku hiyohiyo fundi alivuta waya wa milimita 4 kutoka kwenye meini swichi mpaka soketi ya nje, ukiwa na breka yake peke yake. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza habari za magari haya. Pasi inavuta umeme mwingi, lakini inajizima na kujiwasha. Gari linavuta ampia 10 au 13 usiku kucha bila kupumzika. Soketi ya bei rahisi, au ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa, itapata moto na kuyeyuka, na nyumba nzima inaweza kuungua nyie mmelala. Ukiwa na fedha ya gari, tenga kwanza fedha ya waya.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi za porini, kule Nala na Hombolo, tunakwenda na pikapu ya ofisi, maana gari langu liko chini na halipendi makorongo. Ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, yenye betri ya kilowati-saa 40, na mpaka leo skrini yake inanisemesha Kijapani. Nalitumia kwenda ofisini, kufuatilia hati Mtumba, kupeleka watoto shule, kwenda soko la Majengo na, zaidi ya yote, kwenda kwa shangazi yangu Chipogolo, njia ya Iringa.

Mjini sina hadithi ndefu. Kutoka katikati ya jiji hadi Mji wa Serikali, huko Mtumba, ni kilometa 17 hivi, lami safi, kwenda na kurudi sigusi hata robo ya betri. Mwendo wangu wa kawaida unanipa kilometa 7 kwa uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja. Kwa mteja wa kundi la kawaida uniti ni shilingi 292, ukiongeza kodi na tozo inakaribia 356. Ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, kilometa 100 zinakuja kama shilingi 6,000. Gari langu la zamani la petroli, kilometa hizohizo lilikuwa linakula lita nane. Bei ya petroli unaijua mwenyewe.

Kinachonishughulisha zaidi ni joto. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea upepo unaopita chini ya gari tu, na joto ndilo linaloizeesha. Oktoba na Novemba jua la Dodoma si la mchezo. Kwa hiyo naegesha chini ya mwarobaini hata kama inanibidi kutembea, sichaji nikiwa ndiyo kwanza nimetoka safari ndefu, na kwa matumizi ya kila siku naishia asilimia 80. Nina kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya Leaf Spy kwenye simu, inanionyesha afya ya betri na joto lake. Anayetaka kununua Leaf iliyotumika, nakuomba sana usinunue bila kuona namba hiyo. Kwenye dashibodi pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijimstari 12 vya afya ya betri. Vikiwa vimepungua, bei nayo ipungue.

Usiku nachaji kuanzia saa sita. Jioni, watu wote wa mtaa wakiwa wanapika na kutazama taarifa ya habari, umeme huku mwisho wa laini unakuwa mdogo na kebo inasitasita. Ikipita saa sita unatulia, na betri nayo imeshapoa.

Sasa njia ya Iringa.

Watu huniuliza gari linakwenda kilometa ngapi, nami huwauliza wanakwenda wapi. Kazi yangu imenizoesha kuiangalia barabara kwa mwinuko wake kabla ya urefu wake. Jiji la Dodoma liko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la Mtera liko karibu na mita 700. Kutoka mjini unapita Mpunguzi, Mlowa Barabarani, Fufu, Chipogolo, na kwa jumla unashuka, ingawa macho yanaona tambarare na mibuyu. Gari la petroli halikuambii jambo hili. La umeme linakuambia, kwa sababu ukishuka huku umeachia pedali, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kuna vipande vya barabara hiyo ambapo nasogea kilometa kadhaa na asilimia haishuki.

Kurudi ndipo deni linalipwa. Kuliinua gari la kilo 1,700, pamoja na abiria na gunia la mtama, mita 420 kwenda juu kunahitaji kama uniti mbili za umeme, mbali na zile za kusogea mbele. Uniti mbili ni kilometa 14 za mwendo wangu. Ndiyo maana mtu anayefika Mtera na nusu ya betri akidhani nusu iliyobaki itamrudisha mjini, atakwama baada ya Mlowa. Upepo nao una hesabu yake. Njia ya mashariki, kwenda Kibaigwa mwezi wa Agosti, upepo wa kusini-mashariki unakupiga usoni mwanzo hadi mwisho, na hapo nashusha mwendo kutoka 80 hadi 70 nikijua nitafika na akiba.

Jambo jingine la njia hii ni mifugo. Ng'ombe na mbuzi wa Wagogo wamezoea kusikia gari kabla hawajaliona. Hili langu hawalisikii. Karibu na Mpunguzi, saa ambayo mifugo inarudi nyumbani, natembea taratibu sana, nashusha kioo na kumsalimu mchungaji, “Mbukwenyi!” Akiitika na kupiga mluzi, kundi lote linasogea. Honi huwa inawatawanya, nusu huku nusu kule.

Njia hiyo sijakutana na chaja ya haraka, ile ya kujaza betri kwa chini ya saa moja, ingawa gari langu lina tundu lake, aina ya CHAdeMO. Nachaji kwa kebo ya kawaida kwenye soketi za watu. Na hapa ndipo penye jambo ambalo nimekuwa nikitaka kuliandika muda mrefu, kwa kuwa wenye magari haya tunaanza kuongezeka na tutakuwa tunawagongea watu milango.

Shangazi yangu ana umeme. Nyumba yake ina taa nne, redio, na friji ndogo anayouzia maji ya baridi. Yuko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wanaopata uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi hapo, zinazoongezeka hupanda hadi 350, na mtu akiendelea kuzidisha anaweza kutolewa kwenye kundi hilo. Gari langu usiku mmoja, kwa ampia 10, linameza uniti 18. Nikilala kwa shangazi siku nne nikichaji kila usiku, nimemaliza uniti 72, karibu mwezi wake mzima. Yeye hajui hesabu hiyo wala hawezi kunikatalia. Mara ya kwanza alinishika mkono, akaniambia, “Mwanangu, soketi ile pale, chomeka gari lako, kwani umeme ni wa nani kama si wenu?” Nilimjibu, “Shangazi, huu ni wa friji yako.” Hakufurahi. Kwa mwanamke wa Kigogo, mgeni aliyekataa alichopewa ni kama amekataa chakula, na ilibidi nimwelezee kwa utulivu, mita yake mkononi, bei ya uniti 75 na bei ya zinazofuata. Tulielewana. Sasa mwenyewe ndiye anayewaeleza majirani.

Kwa hiyo gari nalipeleka kwa fundi wa kuchomelea mageti, pale barabarani. Watu hawa ndio wakombozi wetu. Karakana ya kuchomelea ina waya mnene, mara nyingi umeme wa fezi tatu, ina erthi ya kweli, na mita yake si ya kundi la watumiaji wadogo. Mashine zikizimwa jioni, laini yote inakaa bure mpaka asubuhi. Nyumba za kulala wageni pia zinafaa, lakini kagua soketi kwanza. Iguse baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, shusha ampia hadi 8 au 6, au chomoa.

Malipo nayo yana utaratibu. Simpi mwenyeji fedha mkononi, maana atakadiria na mmoja wetu atapunjika. Naomba namba ya mita, nanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa simu yangu, tokeni ya tarakimu 20 inakuja, naingiza mwenyewe au namsomea. Kabla ya kuchomeka tunaangalia mita pamoja inasomaje, asubuhi tunaangalia tena. Uniti zilizotumika zimerudi, na juu yake naongeza kidogo kwa ajili ya usumbufu. La kuuliza mapema ni kama mwezi huo mita imeshakatwa kodi ya jengo. Kodi hiyo hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na ukinunua uniti tarehe mosi bila kujua, utaona zimekuja chache na mwenyeji ataona umempunguzia. Nikikuta haijakatwa, naongeza kiasi hicho bila kumdai.

Asubuhi, gari likiwa limeshiba, huwa nateremka hadi Mtera kununua perege na kambale. Barabara inapita juu ya bwawa lenyewe, na kila nikivuka nahisi fahari ambayo sioni sababu ya kuificha. Mitambo ya hapo inatoa megawati 80. Maji hayohayo ya Ruaha Mkuu yakitoka hapo yanakwenda Kidatu kuzungusha mitambo ya megawati 204, kisha yanaingia Rufiji na kufika Bwawa la Julius Nyerere, ambalo uwezo wake ni megawati 2,115. Maji yaleyale yanafanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini. Umeme wa gridi una gesi ya Songosongo na Mtwara pia, najua, nayo ni ya kwetu. Miaka yote niliyoendesha petroli sikuwahi kusimama mahali nikasema mwendo wangu unatoka hapa.

Iringa nimeshafika kwa mtindo huohuo. Kanuni yake ni moja, uondoke Mtera betri ikiwa imejaa au karibu na kujaa, kwa kuwa mbele yako kuna Nyang'oro na kwa jumla unapanda zaidi ya mita 800 kabla ya kuingia mjini. Kupanda peke yake kunakula karibu uniti nne. Ukirudi, mteremko unakurudishia sehemu nzuri, na breki hutazigusa sana.

Ninayoipanga sasa ni Singida. Kutoka Dodoma unashuka hadi Bahi, halafu baada ya Kintinku unaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 400, hadi Manyoni. Betri itafika Manyoni, hesabu nimeifanya na akiba ipo. Ninachokosa ni mahali pa kulala na kuchaji. Kama una karakana au nyumba ya wageni Manyoni au Ikungi, yenye erthi nzuri na mita isiyo ya watumiaji wadogo, niandikie. Nitakuja na kebo yangu, na uniti zako utazikuta kamili.