Siku moja maishani mwangu: kusubiri tone

Saa 12 kasoro asubuhi niko Igoma, nimebanana kwenye daladala na ndoo ya dagaa ya mtu. Saa 1:30 koti liko mwilini, mashine imewashwa. Mpaka saa 4 ni vifua, vifundo vya miguu na nyonga ya dereva wa bodaboda aliyeteleza. Hizo hazina hadithi.

Mtaani wananiita dada wa eksirei. Wanaamini kazi yangu ni kusema "vuta pumzi, usipumue," nabonyeza, napokea mshahara.

Saa 4:20 akaingia mama mmoja wa Ukerewe, wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Nimevuka ziwa kwa ajili ya ziwa, mwanangu." Tukacheka. Chuchu yake ya kushoto inatoa majimaji yenye damu, yenyewe tu, kwenye tundu moja. Yangekuwa yanatoka matiti yote mawili, meupe kama maziwa, mara nyingi tungefikiria homoni au dawa anazotumia. Upande mmoja, tundu moja, tena damu, hapo lazima mtu achungulie ndani ya mrija wa maziwa. Mamografia, yaani eksirei ya titi, na altrasaundi hazikuonyesha kitu. Kwingine siku hizi wangempeleka MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku; sisi tulikuwa na galaktografia: unaingiza dawa ya rangi kwenye mrija unaotoa, halafu unapiga picha.

Sasa, titi lina mirija kama 15 hadi 20, na matundu yake kwenye chuchu ni madogo mno. Tone ndilo linalokuonyesha uingilie wapi. Na tone halikuwepo.

Nikamuuliza taratibu. Akashusha sauti: alfajiri alijiminya chooni mpaka akakauka, asije akalowesha nguo mbele za watu. Nilimwelewa kabisa. Nilitamani pia kulia.

Kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Tukangoja. Hakuna. Cha pili. Mlango ukagongwa: kijana ana fomu ya kifua ya kujiunga na chuo. "Dada, si sekunde mbili tu?" Nikamwambia asubiri kwenye benchi. Akagonga tena. Mara ya tatu hakugonga, alifungua. Nikajitupa mbele ya kitanda na shuka mkononi. Nilichomwambia yule kijana sikiandiki hapa.

Kitambaa cha tatu. Daktari akabonyeza polepole ukingoni mwa duara jeusi, sehemu moja, nyingine, na tone likachungulia: rangi ya chai ya rangi, dogo kama kichwa cha pini. Mimi nashika taa, yeye anashika kanula, kisindano chembamba na butu. Haichomwi, inaachwa iteleze yenyewe, maana ukilazimisha unatoboa mrija. Ilikataa mara mbili. Ya tatu ikazama. Dawa haikufika hata nusu mililita, na viputo vya hewa tulishavitoa, kwa kuwa kwenye picha kiputo kinajifanya uvimbe.

"Ukisikia maumivu sema, mama, tunaacha palepale."

"Nasikia kujaa tu."

Baada ya hapo ni mbio. Bana titi kidogo tu, dawa isivuje, picha ya kutoka juu, ya pembeni. Mrija ukatokea mweupe, ukigawanyika kama mizizi, na nyuma kidogo ya chuchu pengo la mviringo. Kuna kitu kimekaa mle. Mara nyingi huwa papiloma, kinyama kisicho saratani, lakini picha haiwezi kuapa. Mpaka kitolewe, kiende maabara. Daktari alimweleza hivyo hivyo.

"Kwa hiyo si lazima liwe lile?" Jina hakulitaja.

"Si lazima, mama."

Sijui ilikuwa saa ngapi. Chai yangu ilishaota ngozi juu. Kijana wa fomu bado yuko kwenye benchi, amenuna. Nikamwita, nikamsimamisha, mabega mbele, kidevu juu.

Vuta pumzi. Usipumue.

Kweli, sekunde mbili.